Nitukane, Lakini kwa Sarufi Sahihi

Jumatatu ya tarehe 17 Aprili 2023 niliwahi kazini kuliko kawaida yangu, na si kwa sababu ya kazi. Jana yake Simba ilikuwa imeifunga Yanga 2–0, na usiku kucha nilikuwa napika maneno. Nikatua begi, nikaenda moja kwa moja hadi meza ya Mwalimu. Nikamwamkia kwanza, maana kwetu hata tusi hutanguliwa na shikamoo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, bwana mdogo."

"Leo umefunga?"

"Nimefunga, alhamdulillahi." Ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho.

"Basi leo umefunga, jana mmefungwa. Vyura vimefungwa mbili bila!"

Hakuinua macho. Alikuwa anasoma prufu ya kadi za mchango wa harusi, kalamu nyekundu mkononi, miwani imeshuka hadi nchani mwa pua.

"Wamefungwa," akasema.

"Ndiyo, wamefungwa!"

"Hapana. Wewe umesema vimefungwa. Chura ana roho. Vyura wa-me-fungwa. Nitukane, lakini kwa sarufi sahihi."

Usiku mzima wa kupika maneno ukaishia hapo. Ofisi ikacheka, na haikuwa ikimcheka yeye.

Kwa asiyejua mambo yetu: Yanga wanaitwa vyura kwa sababu makao yao yako kwenye makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani, na Jangwani mvua ikinyesha sawasawa maji hayaombi hodi. Sisi wa Simba tuko Mtaa wa Msimbazi, hatua chache tu kutoka hapo, ndani ya Kariakoo hiyo hiyo. Mwalimu ana jibu lake la siku zote kuhusu jirani hawa: klabu ya wanyama ina mtaa wenye jina la mto, na klabu ya wananchi ina mtaa wenye jina la mnyama, kwa hiyo anayetafuta mantiki mjini hapa amepotea njia.

Ofisi yetu ni ya uchapaji. Kadi za harusi, kalenda, mabango, vitabu vya risiti, fulana za misiba na za kampeni, vyote vinapita kwetu. Mimi ni msanifu wa kurasa. Mwalimu alifundisha Kiswahili sekondari hadi alipostaafu, sasa ni msoma prufu. Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale ndani, anashika fedha. Bosi anajidai kwamba yeye ni wa Arsenal tu, utadhani kuna mtu aliyezaliwa Ilala akakosa upande.

Na kila mmoja ana vikorokoro vyake. Kwenye kiti cha Mwalimu ilikuwa inaning'inia skafu ya kijani na njano, imeoshwa mpaka kijani kimekuwa kama cha majani makavu, imeandikwa "Daima mbele, nyuma mwiko". (Shangazi humwuliza kila mwaka kama mwiko huo ni wa kusongea ugali.) Pembeni yake kulikuwa na kikombe cha chai kilichoandikwa "Bingwa mara 30", alichokinunua baada ya msimu wa 2023/24, nacho hakiguswi na mtu mwingine hata vikombe vikiisha. Kisha kuna Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo lile la kwanza la 1981 lililotolewa na TUKI, ambayo jalada lake lilikwisha kitambo. Ameivalisha jalada jipya la karatasi ya kijani na njano, mabaki ya kalenda tuliyowachapia wateja fulani. Ukitaka kutafuta neno sharti ushike rangi za Yanga. Kuna kijana wa mashine, Simba wa kulia machozi, ambaye huifungua kamusi ile kwa kutumia rula.

Mimi nina jezi nyekundu ya zamani iliyoandikwa jina la bia ya Kilimanjaro kifuani. Naipenda kwa sababu ya kichekesho chake: kuna miaka ambayo Simba na Yanga zote mbili zilidhaminiwa na bia hiyo hiyo, mkatukanana uwanja mzima huku vifuani mmebeba jina moja. Ila kitu cha thamani kuliko vyote pale ofisini ni cha Shangazi. Ni kadi ya uanachama ya marehemu baba yake, imefifia, kona moja imeliwa na panya, ameiweka kwenye fremu ya kioo juu ya kasha la fedha. Kadi haisemi Simba. Inasema Sunderland.

Ndivyo ilivyokuwa. Yanga ilianzishwa 1935, sisi 1936, na kwa miaka mingi tuliitwa kwa jina hilo la kuazima Uingereza hadi 1971, ndipo tukawa Simba. Na hapo ndipo, kwa hoja ya Mwalimu, matatizo ya sarufi ya nchi hii yalipoanzia.

"Mlipokuwa Sunderland," husema, "hakuna aliyepata tabu. Sunderland imeshinda, Sunderland imefungwa, I–ZI, kwisha. Siku mliyojiita mnyama mkaivuruga lugha. Simba imefungwa, Simba wamefungwa, Simba amefungwa. Ipi?"

Swali ni zito kuliko linavyosikika. Shuleni tulifundishwa kwamba kiumbe mwenye uhai haangaliwi umbo la jina lake. Anaingia A–WA kwa nguvu. Kiongozi ameondoka, ijapokuwa ana ki- mbele yake. Kipofu anaona mbali, vyura wanalia, ng'ombe amezaa. Kwa hiyo simba wa porini amelala, hana mjadala. Je, Simba ya Msimbazi? Klabu haina mkia. Ina katibu, ina akaunti benki, ina kesi. Ukisema "Simba alianzishwa 1936" umemfanya mnyama mzee kuliko wote duniani. Magazeti huandika "Simba imeanza vibaya" kwenye aya ya kwanza, aya ya pili "Simba walipata kona tatu", na kijiweni mtu anasema "Simba kafa", wote wakaelewana.

Kwa miaka kadhaa msimamo wa Mwalimu ulikuwa kwamba "Simba imefungwa" pekee ndiyo sahihi, kwa kuwa limefichwa neno timu. Msimamo wangu ulikuwa "wamefungwa", kwa sababu wanaofungwa ni watu kumi na mmoja na si jengo la Msimbazi. Tulikuwa tunarushiana hoja hizo asubuhi kama watu wanaorudishiana mpira ukutani, bila haraka ya kushinda.

Aliyetunyamazisha wote ni Shangazi. Ilikuwa siku moja Simba imepoteza mchezo mdogo tu, na timu ambayo hata jina lake silitaji, akaingia akarusha mkoba juu ya meza: "Simba yangu kafa!"

Mwalimu hakuweza kujizuia. "Shangazi, ngeli mbili kwenye sentensi moja. 'Yangu' ni I–ZI. 'Kafa' ni A–WA. Chagua. Ama Simba yangu imekufa, ama Simba wangu kafa."

Shangazi akamwangalia. "Mwalimu, mama yangu kaja. Ngeli ngapi hapo?"

Kimya.

"Rafiki yangu kaniudhi. Ndugu zangu wamekuja. Baba yangu kafariki. Ngeli ngapi?"

Mwalimu akavua miwani. Sijawahi kumwona akivua miwani kwa jambo dogo. Alijua, kama ninavyojua mimi na unavyojua wewe unayesoma, kwamba mbwa ni wangu, punda ni wangu, lakini mama ni yangu, rafiki ni yangu, na kitenzi kinachofuata hakijali, kinabaki A–WA. Mnyama unayemfuga unamwambia "wangu". Mtu wako wa karibu unamwambia "yangu". Kwa miaka yote hiyo Shangazi alikuwa akiizungumzia klabu kama mtu anavyomzungumzia mama yake, na kisarufi alikuwa sawasawa. Sisi wawili ndio tuliokuwa tumeielewa vibaya.

"Nakubali," Mwalimu akasema baadaye, chai ilipokuja. "Lakini ni kwa sababu ya ile kadi ya baba yako. Huyu kijana hana haki ya kusema 'Simba yangu'. Huyu aseme 'Simba ile'."

Nisije nikakufanya udhani haya yote yalikuwa ya kahawa na kicheko. Vikorokoro viliwahi kutuletea balaa.

Walikuja viongozi wa tawi moja la wana Simba, wanataka bango la mita sita. Katibu wao alikuwa ameandika maneno kwenye karatasi ya daftari: SIMBA AMERUDI. Chini yake wanataka nembo ya klabu. Nikalisanifu, nikalichapa prufu, nikaipeleka ndani kusomwa, kwa sababu kwetu hakuna kinachokwenda mashine kubwa bila kalamu nyekundu kukipitia. Prufu ikarudi na swali pembeni, kwa mwandiko ule wa ubaoni: "Amerudi nani, mnyama au klabu? Kama picha ni nembo, IMERUDI. Kama picha ni simba mwenyewe, AMERUDI."

Katibu akasoma, akauliza nani ameandika. Mlango wa ndani ulikuwa wazi. Kutoka kaunta alipokuwa amesimama, ilionekana skafu ya kijani na njano, na kichwa cha mzee kimeinama juu ya kamusi iliyovaa sare hiyo hiyo.

"Utopolo ndiye anayetusahihishia bango letu?"

Utopolo ndilo jina la kejeli la Yanga, na sauti ilisikika hadi barabarani. Mmoja wao akaanza kudai kwamba hii ni hujuma, kwamba lile swali limewekwa ili bango lichelewe na mechi ipite. Mwalimu akatoka, taratibu, akawaamkia mmoja mmoja kama wazazi waliokuja kikao cha shule. Akawaeleza habari ya A–WA na I–ZI. Unaweza kukisia ilivyopokewa. Katibu akasema wao hawakuja darasani. Mwenzake akasema kwa bahati mbaya "Simba wamerudi", na wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, wawili wanataka "wamerudi", mmoja "amerudi", na dereva wao, ambaye hakuulizwa, akatia "karudi".

Bosi akatoka ofisini kwake, uso umekunjamana. Mteja ni mfalme, akasema, waandikiwe wanachotaka. Sasa tatizo likawa hakuna anayejua wanachotaka.

Mwalimu akachukua ile karatasi ya daftari, akakata neno moja, akaandika jingine juu yake, akamrudishia katibu: MNYAMA AMERUDI.

Pale pale ubishi ukaisha. Mnyama ni A–WA mchana na usiku, awe porini, awe Msimbazi, hata umchore kwenye nembo. Na ndilo jina wanalolipenda zaidi. Katibu akalisoma mara mbili, akacheka, akampa Mwalimu mkono. Bango likachapwa, mita sita kwa moja na nusu, wino mwekundu ukatuishia kabisa siku ile.

Kwa hiyo huko mjini kulikuwa na bango la Simba lililotungwa na Yanga kindakindaki. Watani wake wa mtaani wakalipata hilo, sijui nani aliwaambia (ni mimi), na kwa wiki nzima hakupita kijiweni kwa amani.

Bosi naye akatoa amri: kuanzia leo hakuna rangi ya timu kuonekana kutoka kaunta. Skafu, jezi, kalenda, kikombe, vyote vihamie chumba cha nyuma ambako karatasi hukaa. Ile kadi ya Sunderland tu ndiyo iliyosamehewa, kwa kuwa Bosi alidhani ni habari za Uingereza.

Chumba cha nyuma kikawa makumbusho. Ukuta wa kushoto mwekundu na mweupe, wa kulia kijani na njano, katikati marobota ya karatasi kama mstari wa katikati ya uwanja. Tulibandika matokeo. Sisi tukaweka 6–0 ya 1977, ile ambayo Abdallah Kibadeni alifunga mabao matatu peke yake, na 5–0 ya Mei 2012. Mwalimu akajibu kwa 5–0 ya 1968, akaandika chini yake kwa herufi ndogo: "Mtangulizi ni mtangulizi." Chai yetu ya saa nne ikahamia huko. Nadhani amri ya Bosi ilikusudiwa kupunguza mpira ofisini.

Wakati mwingine huwa najiuliza kwa nini hatujawahi kugombana kweli. Nadhani ni kwa sababu jina tulilopewa ni zuri: watani wa jadi. Utani ni mkataba wa zamani kuliko mpira. Wangoni na Wahehe walichinjana karne ya 19, leo Mhehe anaweza kuingia kwenye msiba wa Mngoni akafanya vituko mbele ya jeneza na wafiwa wakacheka na kumpa chochote, na asipokuja anaulizwa kwa nini hakuja. Mtani ana ruhusa, na pamoja na ruhusa ana wajibu. Wakenya nao wametafuta undugu wa namna hiyo hiyo; mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards wanaiita ya mashemeji. Na hao Leopards wanaitwa Ingwe, yaani chui kwa Kiluhya, kwa hiyo huko nako yupo mwalimu fulani mstaafu anayeumwa kichwa na "Ingwe ameshinda".

Novemba 2023 zamu yangu ilifika. Jumapili ya tarehe 5, Yanga 5, Simba 1. Sitaieleza mechi. Wanaoikumbuka wanaikumbuka.

Jumatatu nilifikiria kuumwa. Nikaenda hivyo hivyo. Ofisi ilikuwa kimya, kila mtu anafanya kazi kwa bidii isiyo ya kawaida, na juu ya meza yangu kulikuwa na sahani iliyofunikwa kwa kawa. Nikafunua. Vitumbua vitano na andazi moja. Kikaratasi pembeni, mwandiko wa ubaoni: "Tano kwa moja. Karibu chai."

Nilikuwa nimeumia, lakini jicho langu lilikuwa limeshafundishwa. Nikachukua kikaratasi nikakipeleka kwenye meza yake.

"Mwalimu, kitumbua, vitumbua. Vi-ta-no. Na kama unahesabu mabao, ma-ta-no. Hii 'tano' yako haina mwenyewe."

Nilidhani nimempata. Yeye aliyekuwa akiwakatalia wateja "bao tano" kwenye mabango, akilazimisha "mabao matano" hata herufi zisipoenea, ameandika "tano" tupu.

Akavuta pumzi kama aliyekuwa akilisubiri swali hilo tangu alfajiri, na sasa naamini alikuwa akilisubiri. "Nambari ikihesabu kitu, inavaa nguo ya kitu hicho. Ikihesabu yenyewe, inatembea kifua wazi. Moja, mbili, tatu, nne. Hatusemi 'kimoja, viwili, vitatu' mpaka tujue ni vitu gani. Tano kwa moja ni hesabu, mwanangu. Ni hesabu tupu. Haina nguo kwa sababu haina cha kuficha."

Shangazi, kwa mshikamano wa Msimbazi, akaja akachukua kitumbua kimoja akakila amesimama. "Nne kwa moja," akasema. "Hiki kilikuwa kimeotea."

Tulibishana wiki hiyo yote juu ya goli na bao, kwa sababu nilihitaji ushindi wowote ule. Mwalimu anashikilia kwamba goli ni ile milingoti na wavu, ndiyo maana tuna golikipa anayelilinda, na kinachofungwa ndani yake ni bao. Nikamkumbusha kwamba mwaka huo huo wa 2023 Rais alitangaza milioni 5 kwa kila bao ambalo Simba na Yanga zingefunga kwenye mashindano ya Afrika, na nchi nzima ikaliita Goli la Mama. Hakuna aliyesema Bao la Mama. "Wananchi waliita hivyo," akasema, "na wananchi ni sisi, lakini kwenye sarufi siwatetei." Nikamwambia basi tukate rufaa BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, lipo tangu 1967, lazima limewahi kusikia kesi za namna hii. Akasema rufaa ina ada, nami nina deni la andazi.

Lakini nimewahi kumwona akitazama mpira, tena mara nyingi, kwenye kibanda umiza cha jirani, shilingi mia tano kiingilio, benchi la mbao. Bao likiingia hapigi kelele ya "bao". Anaruka na wenzake na kinachomtoka ni "gooo" ndefu, mikono juu, miwani imeanguka. Nimemshika nalo. Akasema hilo si neno, ni pumzi.

Kuna kiambishi kingine ambacho nimekuwa nikikichunguza kimya kimya, bila kumwambia, kwa sababu huwezi kumwambia mtu kitu cha namna hii akaendelea kuzungumza kwa uhuru. Ni tu-. Sikiliza ofisi yoyote Jumatatu. Timu ikishinda, utasikia: tumeshinda, tuliwabana, tulikosa mbili za wazi. Ikifungwa, mtu yule yule: wamefungwa, hawana kiungo, wanacheza kama wamelishwa maharage mabichi. Timu ni ile ile, mdomo ni ule ule, ila mwenye timu amehama kutoka nafsi ya kwanza kwenda ya tatu bila kuaga. Shangazi peke yake hahami. Siku ya tano kwa moja alisema "tumefungwa tano" akaendelea kuhesabu noti. Nimewahi kumsikia akisema "tuliifunga Yanga sita" kuhusu 1977, mwaka ambao mwenyewe alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Mwalimu kwa upande wa Yanga ni mwaminifu pia. Juni 2023, Yanga walipokosa Kombe la Shirikisho la Afrika mbele ya USM Alger, baada ya kufungwa 2–1 hapa nyumbani na kushinda 1–0 kule Algiers, wakatolewa kwa bao la ugenini, alikuja akasema "tumekosa kombe kwa hesabu". Tumekosa. Nami nikampa pole, nikasema "wamejitahidi", na akaisikia ile wa- yangu. Hakusema kitu. Aliitazama tu, kama anavyotazama herufi iliyokaa vibaya.

Kisha ikaja Mei 2025, fainali ya kombe hilo hilo, na safari hii ni Simba. Wapinzani RS Berkane wa Morocco. Mchezo wa kwanza tulipigwa 2–0 kwao. Wa marudiano, Jumapili ya tarehe 25, ukachezwa Zanzibar, kwenye Uwanja wa New Amaan. Wiki nzima Mwalimu alikuwa Mmoroko. Berkane wanavaa rangi ya chungwa, naye Ijumaa akaja na fulana ya chungwa aliyoichimbua kwenye mabaki ya kampeni moja ya usafi wa mazingira, mgongoni imeandikwa "Tupa Taka Mahali Pake". Akaitundika chumba cha nyuma, upande wetu. Akasema Jumatatu tutaelewa ujumbe.

Simba tukatangulia kufunga. Kwa muda Zanzibar ilikuwa haikaliki, na huku bara watu walikuwa wamepanda juu ya magari. Halafu ikawa 1–1, jumla 3–1, kombe likaondoka.

Jumatatu nilijiandaa. Nilijua kuna sahani, nilijua kuna kikaratasi. Shangazi alikuwa amekaa nyuma ya kasha la fedha chini ya kadi ya baba yake, macho mekundu, hajafungua hata daftari. Mwalimu akaingia saa mbili kasoro, bila fulana ya chungwa, bila sahani. Akaketi. Tukaamkiana. Akachukua prufu ya kwanza ya siku, kalenda ya wateja wa bima, akaisoma kidogo, akaiweka chini.

"Tulianza vizuri," akasema. "Kile kipindi cha pili ndicho kilichotumaliza."

Nikamgeukia Shangazi. Shangazi alikuwa ameshanigeukia mimi.

"Tulianza, nani, Mwalimu?"

Akatambua. Niliona uso wake ukirudi nyuma kwenye sentensi, silabi kwa silabi, hadi ukakifikia kile kiambishi. "Tu- ya jumla," akasema haraka. "Nafsi ya kwanza, wingi, Watanzania kwa ujumla. Ni matumizi yanayokubalika."

"Na hiyo -tu- ya 'kilichotumaliza'?" nikauliza. "Nayo ya Watanzania kwa ujumla?"

Shangazi hakungoja jibu. Alichukua karatasi ngumu ya kadi, ile nzuri ya harusi, akaandika kwa kalamu nene: TULIANZA VIZURI. KILE KIPINDI CHA PILI NDICHO KILICHOTUMALIZA. Chini yake tarehe 26 Mei 2025. Akaenda chumba cha nyuma, akaibandika ukuta wa kulia, juu kabisa, pale ambapo skafu ya kijani na njano ilikuwa ikining'inia.

Mwalimu akamfuata. Tukamfuata wote, hadi kijana wa mashine, tukijua ataichana. Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, anaisoma. Akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akanyoosha mkono, akafungua semi mwanzoni, akafunga semi mwishoni.

"Mkininukuu," akasema, "ninukuuni sawasawa."